Vitabu Vyekundu, Vyeusi na vya Kijani: Jinsi Mskoti wa Kawaida Alivyopata Nasaba

Katikati ya jiji la Edinburgh, upande wa mashariki wa barabara ya Princes Street, kuna jumba la kumbukumbu lenye kuba refu. Ndani ya kuba hilo rafu zimezunguka ukuta kutoka sakafuni hadi juu, zimejaa vitabu vya serikali. Vya waliozaliwa vina majalada mekundu, vya waliofariki meusi, vya waliooana ya kijani. Kwa kutumia vitabu hivyo, mjukuu wa mfumaji au wa mchimba makaa anaweza kuifuata nasaba yake nyuma vizazi sita au saba, na kila jina likawa na ushahidi wake.

Fursa hiyo haikuanza na watu wa aina yake. Ilianza kwa wafalme, ikashuka kwa wenye ardhi, ikapita mikononi mwa kanisa, na ilipofika kwa mkulima na mfumaji karne nyingi zilikuwa zimepita. Tena karibu kila karatasi anayoitegemea iliandikwa kwa sababu nyingine kabisa: kurithisha shamba, kuadhibu wazinzi, kutoza kodi, kuhesabu vifo. Hakuna karani aliyeandika kwa ajili ya vitukuu. Ndiyo maana Waskoti walio nje ya nchi yao, wanapotafuta asili yao, huishia kwa mtaalamu wa nasaba, mtu anayejua kila daftari liliandikwa kwa nini, na kwa hiyo linaweza kutoa ushahidi gani na haliwezi kutoa upi.

1249–1672: Nasaba ya wenye enzi na wenye ardhi

Tarehe 13 Julai 1249, huko Scone, mtoto wa miaka saba aliketishwa kwenye kiti cha ufalme akawa Alexander wa Tatu. Mzee mmoja kutoka Nyanda za Juu za Uskoti akapiga magoti mbele yake, akamsalimu kwa Kigaeli, kisha akaanza kutaja majina: mfalme mwana wa fulani, mwana wa fulani, hadi kwa mababu wa kale kabisa. Kisomo kile kilikuwa na uzito wa sheria. Kiliwathibitishia waliohudhuria kwamba mtoto huyu ndiye mwenye haki ya kutawala.

Wakuu wa koo za Nyanda za Juu nao walikuwa na watunza nasaba wao. Ukoo wa MacMhuirich ulifanya kazi ya ushairi na historia kwa karne kadhaa, baba akimrithisha mwana. Mkulima aliyelima chini ya mkuu wa ukoo hakuwa na mtu wa kumtunzia majina. Yake yalikaa vichwani mwa wazee wa nyumbani kwake.

Maandishi yaliletwa na ardhi. Kwa sheria ya Uskoti, mtu hakuweza kuusia ardhi kwa wosia; hali hiyo ilidumu hadi 1868. Mwenye ardhi akifa, mrithi alitakiwa kuthibitisha mbele ya watu wa eneo lake, walioapishwa, kwamba yeye kweli ndiye mwana, ndugu au mjukuu wa marehemu. Uamuzi wao ulipelekwa kuhifadhiwa, na kumbukumbu hizo zimebaki tangu karne ya 16. Mwaka 1617 ikaanzishwa daftari ya umma ya ardhi, ambamo kila uhamisho na kila rehani ya shamba viliandikwa. Mwaka 1672 sheria ikaunda daftari rasmi ya nembo za koo chini ya Lord Lyon, afisa wa mfalme ambaye hadi leo ndiye mwenye mamlaka juu ya nembo hizo. Familia yenye shamba na nembo iliacha alama kila kizazi. Aliyepanga shamba la mwenzake hakuacha kitu.

1552–1700: Kanisa laandika kila mtu, likiwa na nia yake

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalitoka kanisani. Mwaka 1552 baraza la maaskofu Wakatoliki liliagiza mapadri waandike ubatizo na matangazo ya ndoa. Parokia ya Errol, Perthshire, ina kitabu kilichoanza 1553, na ndicho kikongwe kuliko vyote vilivyosalia. Matengenezo ya Kanisa ya 1560 yalipoondoa mamlaka ya Papa, kanisa jipya liliendelea na uandishi huo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kibarua alipata mstari wake, sawa na mtoto wa bwana.

Mistari hiyo ilikuwa mifupi. Vitabu vya ubatizo kwa kawaida vilitaja baba, mara nyingi mama kwa jina la ukoo wake mwenyewe, kijiji, na mashahidi wawili. Desturi ya Waskoti ya kumwacha mwanamke na jina la kwao hata baada ya kuolewa imekuwa neema kubwa kwa watafiti, maana nasaba ya upande wa mama haipotei pale ndoa inapofungwa. Vifo viliandikwa kwa nadra zaidi. Katika parokia nyingi, dalili pekee ya mazishi ni malipo ya kukodi kitambaa cha kanisa cha kufunikia jeneza, yaliyoingizwa na mhasibu aliyejali zaidi fedha kuliko marehemu.

Sambamba na vitabu hivyo kulikuwa na kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa. Waumini wa PCEA nchini Kenya, kanisa lililochipuka kutoka misheni ya Waskoti pale Thogoto, wanalijua baraza la namna hiyo. Katika Uskoti ya karne ya 17 lilikuwa pia mahakama ya maadili. Msichana aliyepata mimba nje ya ndoa aliitwa, akahojiwa, akashinikizwa amtaje baba wa mtoto. Mwanamume akaitwa akiri au akane. Wote wawili wakaketishwa mbele ya waumini siku za ibada ili watubu hadharani. Ukali ule uliumiza wengi. Lakini mtaalamu anayekuta nafasi ya baba iko wazi katika ubatizo huenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu za baraza, na mara nyingi jina hulikuta huko.

Zama hizo hizo zilivunja nasaba kwa makusudi. Mwaka 1603 serikali ililipiga marufuku jina la MacGregor, ikiuadhibu ukoo mzima kwa mapigano na mauaji. Aliyeendelea kulitumia alihatarisha maisha yake. Watu wakajiita Murray, Campbell, Drummond, Grant, jina lolote la kuwahifadhi. Marufuku iliondolewa 1661, ikarudishwa 1693, ikafutwa kabisa 1774. Kwa hiyo mtu anayeitwa Drummond leo anaweza kuwa na babu MacGregor ambaye hakuandikwa kwa jina hilo popote.

Kumbukumbu za taifa nazo zilipata pigo. Jeshi la Kiingereza la Cromwell lilizichukua likazipeleka London. Mwaka 1660 zilirudishwa kwa bahari. Dhoruba ikapiga, sehemu ya shehena ikahamishiwa kwenye chombo kilichoitwa Elizabeth, nacho kikazama karibu na pwani ya Northumberland. Baadhi ya mapengo yanayowasumbua watafiti hadi leo yanatokana na safari hiyo.

1746–1843: Waliofukuzwa na waliovushwa bahari

Tarehe 16 Aprili 1746, kwenye uwanda wa Culloden, jeshi la serikali lilivunja nguvu ya koo za Nyanda za Juu, zilizompigania mwanamfalme aliyedai ufalme, katika muda usiofika saa moja. Baada ya hapo wakuu wa koo waligeuka kidogo kidogo kuwa makabaila wa kawaida, na watu wao wakawa wapangaji wanaohesabiwa kwa kodi wanayolipa. Kondoo walipoanza kuleta faida kubwa kuliko watu, watu wakaondolewa. Mabonde ya Sutherland, Strathnaver likiwemo, yalisafishwa mwanzoni mwa karne ya 19, nyumba zikichomwa moto ili wenyewe wasirudi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua familia moja iliyopitia historia hii. David Livingstone, ambaye mwili wake ulifikishwa Bagamoyo mwaka 1874 na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao, alizaliwa Blantyre karibu na Glasgow mwaka 1813. Katika kitabu chake cha safari cha 1857 alieleza kwamba baba wa babu yake alikufa Culloden, na kwamba babu yake, mkulima mdogo wa kisiwa cha Ulva, aliweza kusimulia habari za wahenga wake wa vizazi sita. Shamba lilipokuwa dogo mno kulisha familia, babu huyo alihamia Blantyre kwenye kiwanda cha pamba, na humo David akaanza kazi akiwa na miaka kumi.

Jambo la kuangalia hapa ni ile kumbukumbu ya vizazi sita. Iliwezekana kwa sababu watu walikaa pahali pamoja, wakizungukwa na makaburi, mashamba na majirani waliowakumbusha. Kisiwa cha Ulva kilinunuliwa 1835 na mwanasheria aitwaye Francis William Clark, na ndani ya miaka michache wakazi wengi, waliokuwa mamia kadhaa, walikuwa wameondolewa. Kila familia iliyoondoka iliwaacha waliokuwa wakiishuhudia. Kizazi cha kwanza kilikumbuka, cha pili kikachanganya, cha tatu kikabaki na jina la kisiwa tu.

Wengine walivuka bahari. Mwaka 1773 meli ya Hector ilichukua watu karibu 200 kutoka Loch Broom hadi Pictou, Nova Scotia, na maelfu wakafuata kwenda Kanada, Marekani na Australia. Serikali haikuanza kutunza kwa utaratibu orodha za abiria wanaotoka nje hadi 1890, hivyo kwa wahamiaji wengi hakuna hati ya kuunganisha bandari ya kutokea na ya kufikia.

Wapo pia waliokwenda kutajirika kwa jasho la watumwa. Sir John Wedderburn alinyongwa 1746 kwa kupigana upande wa walioshindwa Culloden. Wanawe wakaenda Jamaika. Mmoja wao, James, alimzaa Robert na mwanamke mtumwa aitwaye Rosanna. Robert Wedderburn alipofika Uskoti akiwa mtu mzima na kubisha hodi kwa baba yake Inveresk, alikataliwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, mpishi alimpa bia hafifu na mtumishi akampa sarafu ya peni sita iliyopasuka. Mwaka 1824 aliandika kitabu kulitangaza jambo hilo mbele ya dunia. Ukoo ulimkana, nasaba haimkani. Mtaalamu mwadilifu anayechora mti wa familia kama hiyo humweka Robert mahali pake, pamoja na Rosanna.

Wakati watu wakitawanyika, vitabu vya parokia navyo vilidhoofika. Mwaka 1783 Bunge liliweka kodi ya peni tatu kwa kila ubatizo, ndoa au mazishi yanayoandikwa. Maskini wengi waliacha kuwaandikisha watoto, na hata kodi ilipofutwa 1794 mazoea hayakurudi kama zamani. Mwaka 1843 pigo likawa zito zaidi: wachungaji zaidi ya 450 walijitoa katika kanisa la taifa na kuanzisha Kanisa Huru, wakaondoka na waumini wao. Tangu hapo sehemu kubwa ya wananchi haikuonekana katika vitabu rasmi vya parokia.

1822–1842: Nasaba za kubuni

Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, mwandishi Walter Scott alipanga sherehe zilizomvika taifa zima mavazi ya Nyanda za Juu. Baada ya hapo kila mwenye jina la Kiskoti alitaka tartan, kitambaa cha mistari cha ukoo wake. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart, wakidai kuwa wajukuu wa mwanamfalme aliyeshindwa Culloden, walichapisha kitabu cha vitambaa vya koo walichosema kimetoka katika hati ya kale. Hati hiyo ilikuwa ya kughushi. Hata hivyo mifano kadhaa ya kitabu kile ingali inafumwa na kuuzwa.

Athari zake ni nzito kuliko suala la nguo. Watu waliaminishwa kwamba jina ni ukoo, na ukoo ni damu moja. Ukweli ni kwamba wapangaji wengi walichukua jina la mkuu wao ili wapate ulinzi, na katika sehemu nyingi za Nyanda za Juu majina ya ukoo yalikuja kutulia kwa kuchelewa. Visiwani Shetland kulikuwa na familia zilizobadilisha jina kila kizazi, mtoto akiitwa kwa jina la baba, hadi ndani ya karne ya 19.

1855: Serikali yaandika yote

Tarehe 1 Januari 1855 usajili wa kiserikali ulianza Uskoti, miaka 17 baada ya England. Miswada ya awali ilikuwa imeshindwa Bungeni. Hoja iliyosukuma sheria ilikuwa ya afya na utawala: miji ya viwanda ilijaa, kipindupindu kiliua, na hakuna aliyejua kwa hakika nani anakufa, wapi na kwa nini. George Seton, wakili aliyeandika mwaka 1854 kuonyesha jinsi vitabu vya parokia vilivyokuwa na mapungufu, aliteuliwa kuwa katibu wa kwanza wa idara mpya.

Kuchelewa huko kulileta faida. Waliotunga fomu waliamua kuuliza kila kitu. Tuseme mwanamke mjane amefariki Paisley mwaka huo wa kwanza, akiwa na miaka 80. Karani alitakiwa kuandika alikozaliwa, muda aliokaa wilayani, majina ya baba na mama yake na kazi zao, mumewe, watoto wake wote kwa mpangilio pamoja na umri wao, ugonjwa uliomuua na siku ulizochukua, daktari aliyemwona, na makaburi alikozikwa. Ukurasa mmoja unamchukua mtafiti kutoka 1855 hadi kwa wazazi waliozaliwa karibu na wakati wa Culloden.

Mtaalamu akishika ukurasa huo, macho yake huenda kwanza kwa aliyetoa taarifa. Je, ni binti wa marehemu aliyewajua babu na bibi? Au ni mkwe aliyekisia? Amesaini kwa jina lake, au ameweka alama ya X? Jina la mama wa marehemu lililotolewa na jirani ni fununu ya kufuatilia. Likitolewa na dada yake linabeba uzito mwingine.

Makarani walilalamika kwamba kazi ni nyingi mno, na mwaka 1856 maswali mengi yaliondolewa. Machache, kama tarehe na mahali pa ndoa ya wazazi katika cheti cha kuzaliwa, yalirudi 1861. Kilichodumu ni cha thamani kubwa: cheti cha kifo cha Uskoti hutaja wazazi wote wawili, na mama kwa jina la kwao. Jirani zao wa England waliandika vifo kwa vizazi vingi bila kuwataja wazazi wa marehemu. Vitabu vya parokia navyo vilikusanywa hatua kwa hatua hadi Edinburgh, vikakaa karibu na vile vya serikali.

1945–1998: Utafiti wakuwa taaluma

Katika karne ya 19 utafiti wa nasaba kwa hati ulikuwa wa mabwana. Sir William Fraser alitumia maisha yake kuandika historia za familia za kikabaila, akiwalipisha vizuri, na wosia wake ukagharimia kiti cha uprofesa wa historia ya Uskoti katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kati ya 1904 na 1914 James Balfour Paul, aliyekuwa Lord Lyon, alihariri juzuu tisa za nasaba za masharifu wa nchi. Mfumaji wa Paisley hamkuti humo.

Mwaka 1945 Tom Johnston, waziri wa mambo ya Uskoti, alianzisha Scots Ancestry Research Society, shirika la kuwatafutia watu asili zao kwa ada. Vita vilikuwa vimeleta Uskoti askari wengi wa Kanada, Australia na Marekani wenye majina ya Kiskoti, na maswali yao yalihitaji majibu. Scottish Genealogy Society ikafuata 1953. Mwaka 1981 watafiti wa kulipwa waliunda chama chao, ASGRA, chenye masharti ya ujuzi na maadili, na baadaye Chuo Kikuu cha Strathclyde kikaanza kufundisha nasaba kwa kiwango cha uzamili.

Mteja huja na hadithi: bibi alisema sisi ni wa damu ya mkuu fulani. Mtaalamu huiandika, kisha huiweka kando na kuanza na cheti cha kuzaliwa cha mteja mwenyewe. Kutoka hapo huenda kwa ndoa ya wazazi, kwa babu, kwa sensa zenye majina za tangu 1841, kisha huvuka mpaka wa 1855 kuingia katika vitabu vya parokia. Hapo ndipo penye ugumu. Waskoti walikuwa na desturi ya kumpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Babu mwenye wana wanne anaweza kuwa na wajukuu wanne wa jina moja na ukoo mmoja, wote katika parokia moja, wamepishana miaka michache. Kumtambua aliye sahihi kunahitaji kuangalia jina la kwao mama, shamba walilokaa, mashahidi wa ubatizo, kodi na wosia. Ripoti nzuri hueleza pia pale palipotafutwa pasipatikane kitu, na husema wazi hatua ipi ni hakika na ipi ni dhana.

1998 hadi leo: Vitabu vyafika kila nyumba

Mwaka 1998 faharasa za kumbukumbu za Uskoti ziliwekwa kwenye intaneti kwa malipo, na tangu 2002 huduma hiyo inaitwa ScotlandsPeople. Picha za kurasa zenyewe husomwa popote duniani, isipokuwa kwamba mtandaoni rekodi za kuzaliwa hufungwa kwa miaka 100, za ndoa 75 na za vifo 50, ili kulinda walio hai.

Urahisi huu umezaa hatari mpya. Mtu hukuta jina linalofanana, akaliunganisha na lake, akalisambaza, na watu mia wakalinakili. Vipimo vya vinasaba husaidia kukagua, lakini vinaonyesha undugu bila kusema babu alikuwa nani. Hati ndiyo humaliza kazi. Upande mwingine, milango imefunguka kwa waliokanwa. Wajamaika wenye majina ya Campbell na Wedderburn leo wanasoma daftari za watumwa zilizoanza 1817, ambamo mmiliki alilazimika kuorodhesha kila mtumwa aliyemshikilia, jina na umri, na kama alizaliwa Afrika au visiwani. Daftari hizo zilianzishwa kuzuia uingizaji wa siri wa watumwa. Sasa wazao wa watumwa hao wanazitumia kudai wahenga wao.

Safari ya Waskoti ina fundisho kwa taifa lolote. Nasaba ya mfalme ilitunzwa kwa sababu kulikuwa na aliyelipwa kuitunza; ya mfumaji ilipatikana pale sheria ilipoamuru kwamba kila kifo na kila mtoto vina haki ya ukurasa sawa. Cheti kinachotaja mama kwa jina la kwao ni urithi ambao nchi inawaachia wananchi wake bila gharama kubwa. Na kabla ya cheti chochote, mtaalamu wa Edinburgh humwagiza mteja jambo moja ambalo haliuzwi wala halihifadhiwi katika jumba lolote: nenda kwa mkubwa wa familia aliye hai, mwulize majina, mahali na kazi za waliomtangulia, andika alivyosema neno kwa neno, na weka tarehe.